Mfupa wa Kuandikia

Rafuni kwangu hapa Nizwa, Bara Arabu, upo mfupa bapa wa bega la ngamia. Umeoshwa mara nyingi hata umeingia ukijivu, na kila ninapoupangusa vumbi nasikia sauti ya mama.

Sikusoma sana shuleni. Habari za maandishi ya kale nilijifunza peke yangu, nikizinakili daftarini kwa mpango: Misri mafunjo, Iraq udongo, Bara Arabu mifupa na makuti. Mama alinicheka. "Ungeniuliza mimi, mwanangu. Chuo cha Kurani kule Unguja tuliandika ubaoni kwa masizi."

Kisha akapata kiharusi, na mkono wake wa kulia ukalegea. Miaka yote alikuwa akimwandikia dada yake aliyebaki Unguja, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofunzwa wote wawili. Sasa kalamu ya kawaida ilitaka kukandamizwa, naye hakuweza. Nikajitolea niandike mimi, yeye aseme tu.

"Akiona si mkono wangu, ataweka matanga."

"Basi tumpigie simu."

"Kwa masikio yapi? Umesahau kuwa hasikii?"

Nikarudi kwenye daftari. Kalamu ya tete haikandamizwi, wino hushuka wenyewe. Nikakata tete ukingoni mwa falaji, mfereji wa kumwagilia mashamba, kule Manah. Mfupa nilimwomba muuza nyama sokoni, nikauchemsha mara mbili, nikaukwangua, nikauanika siku sita. Masizi nikayachanganya na maji na utomvu wa samri, ule mti wa miiba wa bondeni.

Mama alilitazama tete. "Nani kalikata hivi?"

"Mimi."

"Inajulikana. Lete kisu. Kata mshazari. Mshazari, nimesema, unakata muhogo?"

Siku ya kwanza aliandika herufi moja tu, alif, na ikayumba. Nilitaka kuihifadhi.

"Osha," alisema.

"Niiache, mama. Ni ya kwanza."

"Ukiiacha, kesho nitaandika wapi?"

Nikaiosha. Ikawa ndiyo kazi yetu kila asubuhi baada ya chai: yeye anaandika, mimi naosha. Siku nyingine mkono ulimgomea kabisa, akalirusha tete sakafuni, nami nikaliokota. Majira ya tende yakaja, yakapita. Ndipo siku moja akaomba karatasi. Aliandika mistari mitatu, jasho likimtoka, na jirani aliyekuwa akisafiri kwenda Unguja akaichukua.

Wiki zikapita pasipo jibu. Mama hakuuliza, lakini kila mlango ulipobishwa aligeuza kichwa.

Jirani aliporudi alikuwa na bahasha. Mama alikataa nimsomee. Alisoma mwenyewe, polepole, kisha akacheka hata akakohoa, akanipa karatasi. Dada yake alikuwa ameandika: "Alif zako siku hizi zimepinda kama mkia wa nge. Lakini nimezijua ni zako, alhamdulillahi."

Mama alikuwa ameshanyoosha mkono, ule wa kulia.

"Lete mfupa," alisema. "Huyu hanitukani nikanyamaza."