Pikipiki Iliyoondoka Bila Moshi

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, ikipanda juu ya harufu ya samaki wanaokaushwa, ndiyo nyumba yetu ya Nchelenge, kando ya ziwa. Baba alichanja watoto kwa niaba ya kliniki, na vijiji vyake vilikuwa kwenye njia za mchanga zilizoshinda magari, basi akapewa pikipiki ya magurudumu yenye meno. Wengine walifuga mbuzi, sisi tulifuga pikipiki. Kila Jumamosi alitandika gunia uani, akakwangua masizi kwenye plagi, akakaza mnyororo, kisha akanipa mimi Chanda, binti wa miaka kumi, sponji ya kuchujia hewa. Niliifua kwa sabuni mpaka mchanga uishe, nikaianika kivulini, nikaipaka oili na kuikamua. Baba akinisifu, siku nzima sikushikika kwa maringo.

Petroli tuliipata kwa wavuvi wenye mashine za mitumbwi, nao waliiuza ikiwa imeshatiwa oili, kwa kuwa mashine zao, kama pikipiki yetu, zilikunywa vyote pamoja. Sikujua kwamba duniani kuna petroli tupu. Kiangazi kimoja cha miaka ya sabini petroli iliadimika ziwani, baba akaleta dumu kutoka mjini, akaliweka pembeni aje kuichanganya na oili mwenyewe. Hakuniambia. Aniambie kwa nini? Nami kwa kiherehere changu nikaona tangi limekauka, nikalijaza kutoka kwenye dumu lile, nikasubiri sifa.

Kesho yake mama akashikwa na uchungu. Alikuwa mwanamke wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Zaire, hodari wa kujikaza, lakini mkunga alipompapasa akasema mtoto amekaa vibaya, waitwe watu wa hospitali waje na gari. Baba aliitikisa pikipiki, akasikia tangi limejaa, akapiga kiki akaondoka. Haraka haikumpa nafasi ya kuuliza. Nilisimama njiani nikaona ajabu: nyuma yake hakukuwa na ule moshi wa buluu. Nikajisemea, leo imetakata, sponji yangu hiyo! Ee Mungu wangu. Moshi ule ndio uliokuwa alama ya oili inayoilinda injini.

Nusu ya njia injini ikakwama. Baba aliiacha ipoe, akafungua plagi, akadondosha oili tunduni, akapiga kiki mpaka goti likavimba. Pistoni haikusogea. Akaenda kwa miguu. Gari lilipofika, mama alikuwa hai, na mdogo wangu wa kiume alikuwa amekufa. Wanawake walimzika asubuhi, bila jina.

Baba alipoisukuma pikipiki hadi nyumbani, alifungua tangi, akachovya kidole, akasugua, akanusa. Akaliangalia dumu. Akaniangalia mimi. Jioni mama alipouliza pikipiki ilikufaje, akajibu, "Ni mimi. Nilisahau oili."

Mama hakumsamehe. "Mutu anatengeneza pikipiki kila siku, anasahau mafuta namna gani? Mutoto wangu alikufa juu ya kosa yako," alimwambia miaka nenda miaka rudi, hata mbele ya wageni, na baba aliinamisha kichwa akanywa chai yake. Hata siku moja hakunitaja. Pistoni mpya ilipopatikana, aliniita uani akanikabidhi kikombe cha kupimia oili. "Pima wewe, mayo," akasema, kwa neno lile la Kibemba ambalo baba humwitia binti yake kama mama. Nilipima nikilia.

Siku hizi Nchelenge imejaa pikipiki za abiria. Mtoto wa jirani huzitia petroli tupu kutoka kwenye chupa, nazo huondoka zikinguruma, kwa maana oili yake huwekwa kando, ndani ya injini. Kosa langu leo lisingemuua mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi kifo kilimchukua baba na siri yangu, kikaniacha na heshima zangu zote. Mama yu hai bado, macho hayaoni. Mwezi uliopita nilimpeleka kaburini kwa baba tukafagie. Alipogusa udongo akaugonga kwa fimbo.

"Baba Chanda, ulisahau namna gani?"

Nikafungua mdomo. Alikuwa amegeuza uso kwangu, akisubiri.

"Twende, mama," nikasema. "Jua limekuwa kali."