Udongo wa Kwamboka

Nyamweya wa Kiogoro alijenga nyumba yake mwenyewe. Ndivyo alivyowaambia wageni kwa miaka arobaini, na mkewe Kwamboka hakumbishia hata siku moja.

Kwamboka alizikwa mwezi wa nne, kando ya migomba. Mwezi wa nane kitinda mimba wao, Natasha, akaja kutoka chuo kikuu na mkebe wa vumbi la kijivu.

"Baba, tunabuni nyumba ya kukaa watu mwezini. Kule hakuna hewa. Jua linaunguza mpaka mfupa, na mawe huanguka kutoka angani."

"Mawe ya angani hata hapa yapo, ya barafu. Yaulize majani chai yangu."

Natasha alicheka, kisha uso ukamshuka. Kuta zake za majaribio, za vumbi mfano wa lile la mwezini, zilipasuka kila zilipokauka. Zimebaki wiki mbili. Kuta zikipasuka tena, anatolewa kwenye kazi hiyo. Na ukuta wa jiko la mama, humo nyumbani, haukuwa na ufa hata mmoja.

"Udongo huu uliuchanganyaje, Baba?"

Mzee aliugonga ukuta kwa kidole. Mwanamume wa Kigusii husimamisha nguzo na kufunga fito. Kukandika ni kwa wanawake. Siku za kukandika alishinda kwa jirani yake Makori asije akachafuka, akarudi ukuta umekauka.

"Mavi ya ng'ombe," alisema. "Na majivu, nadhani."

"Kiasi gani? Udongo ulilazwa siku ngapi?"

"Mimi ni wa fito, mwanangu."

"Miaka yote hiyo hukumuuliza?"

"Ungemuuliza wewe! Ulikuwa unakuja Krismasi, macho kwenye simu."

Natasha aliinama. "Basi nikate kipande nikakipime."

Nyuma ya mafiga mistari ya vidole vya Kwamboka ilikuwa bado ukutani. Picha yake ya kitambulisho haikuwahi kufanana naye. Mistari hii ilifanana.

Mzee alichukua panga mwenyewe. Alipiga mara tatu, ukuta ukamkatalia. Mara ya nne kikaachia kipande sawa na kiganja, pamoja na mistari ya vidole. Akachungulia tunduni. Fito zake zilikuwa zimeliwa na mchwa, hazikubaki hata maganda. Ukuta ulikuwa umejisimamia kwa udongo mtupu, nani ajuaye tangu lini.

"Kifunge vizuri," alimwambia binti. "Na huko wakiuliza fundi ni nani, usinitaje."