Haibridi ya Mume Wangu

Mume wangu aliingiwa na wazimu wa gari siku ya Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Tulikuwa tumeishi Guangzhou miaka tisa bila gari na hakuna aliyekufa. Kazi yetu ni kupokea wafanyabiashara kutoka Dar es Salaam na Unguja, kuwapeleka Zhongda kwenye vitambaa au Shahe kwenye nguo za bei ya chini, na kusimamia mzigo wao mpaka uingie kwenye kontena. Kwa kazi hiyo treni ya chini ya ardhi inatosha, na mzigo ukizidi, wenye vigari vya matairi matatu wamejaa kila kona. Lakini Ijumaa hiyo Mtanzania mwenzetu, muuza viatu, alitoka msikitini, akabonyeza kitu mfukoni, na gari jeupe lenye namba za kijani likakunjua vioo vyake vya pembeni kama ndege anayejinyoosha. Mume wangu alirudi nyumbani. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, baba wa watoto watatu, alishindwa kumaliza pilau kwa sababu gari la mwenzake limekunjua vioo.

Kesho yake akaanza kuhubiri. Katika mji huu ukitaka gari la petroli tupu, namba zake unazitafuta kwa bahati nasibu au kwa mnada, na wapo waliosubiri miaka. Gari la umeme hupewa namba za kijani bila foleni, na haibridi ya kuchaji, ile yenye betri na injini ya petroli pamoja, huhesabiwa humo humo. Mume wangu aliyasema hayo kana kwamba serikali ya China ilikaa kikao kwa ajili yake. Namba bure. Kodi ya ununuzi imepunguzwa. Na juu yake kuna ruzuku kwa anayesalimisha gari lake kuukuu.

Nikamuuliza sisi tuna gari gani kuukuu. Akasema hilo linazungumzika. Karatasi aliyopigia hesabu niliiona baadaye mezani, na ruzuku ile alikuwa ameiingiza.

Tunaishi ghorofa ya kumi na nne katika nyumba ya kupanga. Nilishuka kwa msimamizi wa jengo kuulizia chaja, naye akanijibu lile neno ambalo kila mgeni wa masoko ya hapa hulijua kabla ya salamu: *mei you*, hakuna. Sehemu ya kuegesha si mali yetu, kwa hiyo waya haupiti. Nilipompa mume wangu habari hiyo alifurahi. Ndiyo maana hataki la umeme mtupu, akasema. Haibridi ikikosa umeme inakunywa petroli. Yaani tulipie betri, kisha tuitembeze mjini kama mgeni wa heshima asiyefanya kazi yoyote.

Lakini hoja yake kubwa ilikuwa ya kuuza. Gari si matumizi, alinifundisha, ni mali. Tutaliendesha miaka mitatu, kisha tutalitia kwenye kontena na kuliuza Dar kwa faida. Nilimwacha amalize.

"Usukani wake uko upande gani, Baba?"

Akaiangalia karatasi yake ya hesabu. Huyu ni mtu aliyepeleka makontena nyumbani miaka tisa, anayejua mpaka aina ya vifungo vinavyopendwa Kariakoo, na alikuwa amesahau kwamba kwetu tunaendesha upande mmoja na Wachina upande mwingine. Kisha akasema basi Wakongomani, wanaoendesha kama Wachina, watalichukua. Tangu siku hiyo Wakongomani wakawa ndio soko letu, bila wao wenyewe kupewa taarifa.

Nilikwenda peke yangu kwenye soko la magari ya mtumba, siku ya Jumanne, baada ya kumwacha mteja Zhongda akichagua satini. Nilikuta safu ndefu za namba za kijani, magari masafi, mengine bado yana plastiki kwenye viti. Mwenye banda alikuwa mzee mnene aliyenipa chai na kuzungumza nami kwa upole, kama anayempa mtu majibu ya hospitali. Akanionyesha haibridi ya aina ile ile aliyoitamani mume wangu, ina mwaka mmoja. Kiwanda kimeshashusha bei ya mpya mara mbili, akasema, kwa hiyo hii anaiuza kwa hasara na bado hapati mtu. Akaniongezea jambo ambalo hakuna muuzaji wa magari mapya aliyewahi kulitamka: dhamana ya betri ya maisha yote ni ya mwenye gari wa kwanza. Ukiliuza, dhamana inakufa, na anayenunua anajua.

Mume wangu alisikiliza yote, kisha akaamua kwamba wauza mtumba ni waongo. Nilimwambia mzee yule amejiharibia biashara mwenyewe kwa kusema kweli. Akasema hao ndio wabaya zaidi.

Tukaenda dukani. Hapo sina budi kueleza kwamba mume wangu, kwa miaka yote hiyo, Kichina chake kilikuwa salamu, asante, ghali, na hakuna. Mimi ndiye mdomo wake. Nimemsemea kwa wenye viwanda, kwa polisi wa viza, kwa daktari wa meno. Alipotoa bei za kijinga niliziwasilisha kama zilivyo, nikaona aibu peke yangu.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye suti ya kubana aliyemwita mume wangu *laoban*, bosi, kila baada ya maneno matatu. Alituandalia matunda. Alieleza kwamba kwa wageni wenye vibali vya mwaka mmoja mmoja mkopo ni mgumu, lakini kuna njia nzuri zaidi, kukodi kwa mkataba wa miaka miwili. Unaweka amana, unalipa kila mwezi, huvuki kilomita zilizoandikwa, na mwisho unarudisha gari au unalinunua kwa bei iliyokwisha kupangwa leo. Nikamuuliza zile nafuu zote za serikali zinakwenda kwa nani. Akatabasamu, akasema kampuni ndiyo mnunuzi kwenye karatasi, lakini tusijali, nafuu zetu zimeshaingizwa kwenye bei. Jibu hilo nalifahamu sana. Wauza vitambaa hunipa kila siku. Punguzo lako daima limeshaingizwa kwenye bei kabla hujafika.

Wakati huo mume wangu alikuwa ndani ya gari, na kiti kilikuwa kinamkanda mgongo. Alikuwa amefumba macho. Alipotoka uso wake ulikuwa wa mtu aliyesamehewa.

"Mwambie tunachukua," akasema. "Mkataba, miaka miwili."

Nikamgeukia kijana, nikamwambia kwa Kichina: mume wangu anashukuru, ila tunakwenda kufikiri kwanza. Kijana akainama kwa adabu na kutupa mwavuli wa zawadi. Nikamgeukia mume wangu, nikamwambia wanaandaa karatasi, watatupigia. Kwenye treni alikaa akitabasamu na mwavuli mapajani, na mimi nilijiona mwanamke mwenye akili kuliko wote mjini.

Alisubiri simu wiki nzima. Siku ya nane alimwomba mama mmoja wa Mombasa, mnunuzi wa nguo kwenye soko la Shisanhang ambaye Kichina chake kinashinda changu, amsindikize dukani. Mama yule alimuuliza kijana kwa nini hakupiga simu. Kijana akajibu kwamba mke wa laoban alisema wanakwenda kufikiri. Naye mama, kwa kuwa ni mkalimani mwaminifu, akatafsiri neno kwa neno.

Nilikuwa jikoni nakata bamia aliporudi. Nilitegemea kelele, na kwa kelele nilikuwa nimejiandaa. Alivuta kiti akakaa.

"Mimi nilisema tunachukua," akasema.

"Ndiyo."

"Na wewe ukasema nini?"

Nikamwambia nilichosema.

"Miaka tisa sijui unawaambia nini hawa watu," akasema. "Nilikuwa naamini tu."

Kisu kilibaki mkononi. Ningeweza kumweleza kwamba gari lile ni upumbavu, na ingekuwa kweli, lakini hakuwa ameuliza habari za gari. Ningeweza pia kuapa kwamba ni mara ya kwanza na ya pekee, na hiyo nayo ingekuwa kweli, ila ni mtu gani anayeshikwa akasema ni mara ya pili? Nilikuwa nimemdharau kwa majuma mawili kwa raha kubwa, nikampiku, na sasa sikuweza kumtazama usoni. Nikamwomba radhi. Akasema amesikia. Halafu akaniambia ameshatia saini.

Basi gari likaja, la bluu ya usiku, na dharau yangu, ambayo nilidhani imekufa jikoni, ikafufuka ndani ya mwezi. Kwa kuwa nyumbani hapakuwa na chaja, alilipeleka kulichaji kwenye jumba la maduka, akakaa saa moja na nusu akinywa kahawa iliyogharimu zaidi ya petroli aliyoiokoa. Kisha akaanza kuogopa kilomita. Mkataba ulikuwa na kikomo, naye akalilinda gari lisitembee. Siku za kwenda Shahe alipanda treni ili alipumzishe. Jumapili alilifuta vumbi. Mwezi wa tano kiwanda kikashusha bei tena, na kila rafiki akamtumia picha ya tangazo. Kabla mkataba haujaisha, gari jipya kabisa la aina ile likawa rahisi kuliko bei tuliyotakiwa kulipa kubaki na la kwetu.  Nilinyamaza kwa namna ambayo mume yeyote angeisikia.

Lakini jambo moja silidharau, ingawa nilijaribu. Tangu siku ya bamia hakuniomba tena nimsemee. Alijifunza Kichina kwenye simu, kila jioni, akirudia maneno mbele ya jokofu kwa sauti ya mtu anayekaripia mbuzi. Hakuniuliza kitu na mimi sikujitolea.

Siku ya kurudisha gari tulikwenda wote wawili. Karani, mwanamke mwenye miwani, alizunguka gari na tochi, akapata mkwaruzo kwenye bampa, akaandika kiasi cha kukata kwenye amana. Mume wangu akamkabili. Alitaka kusema kwamba hanunui gari na mkwaruzo ni mdogo. Lakini katika Kichina kununua na kuuza ni neno moja lenye sauti mbili tofauti, naye alimwambia kwa msisitizo kwamba hauzi gari. Karani akashtuka, akajibu kwamba bila shaka hawezi kuliuza, gari ni la kampuni. Mume wangu akarudia, kwa nguvu zaidi, kwamba kamwe hatauza. Karani akanitazama mimi. Nami nikatazama samaki kwenye tangi lao la vioo.

Ilichukua karibu saa nzima, kwa vidole, kwa picha za siku ya kwanza alizozitunza kwenye simu, na kwa lile neno *ghali* alilolijua vizuri. Mwisho walikata nusu tu. Tulipotoka alikuwa amelowa jasho.

"Nilikosea wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia: kununua, sauti inashuka kisha inapanda, kuuza, inaanguka moja kwa moja. Akajaribu. Alilirudia neno lile njia nzima mpaka kituo cha treni, watu wakigeuka kumtazama, na kila mara aliuza.