Picha za Kuvrili Zangu Tatu

Katika picha zote tatu anayeonekana ni yaya, dada yangu mkubwa, amesimama kando ya kuvrili, meno yote nje. Mimi niko nyuma ya kitambaa. Ukitazama vizuri utaona vidole vyangu juu, huku na huku, vimeshika pindo.

Kuvrili ni tandiko la kitanda. Siku hizi watoto wangu mwenyewe wananiuliza ni kitu gani, kana kwamba wamelala miaka yote juu ya majani. Unaokota mabaki kwa fundi cherehani, vipande vya vitenge, mashati yaliyokwisha kazi, unaviunganisha kimoja kimoja, kisha unashonea ndani blanketi kuukuu. Huko Lubumbashi, wake wa wafanyakazi wa mgodi tulijifunza kazi hiyo fwaye, jumba la akina mama lililokuwa na mashine sita za kushona na saa ya ukutani isiyosema kweli. Wengine walishona ilimradi kitanda kifunikwe. Mimi nilishona kwa majira: moja ya baridi ya Juni, moja ya joto la Oktoba, moja ya mvua. Nilikuwa na majivuno, sikatai.

Mwaka ule mama aliyekuwa monitrisi wetu, yaani mwalimu wa kushona, alikuwa anajiandaa kupumzika. Mkubwa wa fwaye akatangaza mapema kwamba anayetaka nafasi hiyo alete picha za kazi zake, zilizopigwa nje penye mwanga, ziende ofisini pamoja na karatasi nyingine. Niliitaka kazi ile mpaka nikawa naiota. Mume wangu alikuwa amefariki mwezi wa tatu. Nyumba ya mgodi tulikwisha kunyang'anywa, nikarudi kwa baba na mtoto mgongoni, na kila nilipopika nilijiona mgeni jikoni kwetu. Monitrisi alipewa nyumba yake mwenyewe.

Tatizo lilikuwa kilio. Kwetu mjane hapigwi picha kabla mwaka haujaisha. Ukoo wa marehemu ukikuona pichani kando ya mapambo, watasema ulikuwa ukimngoja afe. Nilimwambia mpiga picha apige kuvrili peke yake. Akacheka.

"Bila muntu, hiyo iko nguo ya kuanika tu," alisema. "Nani atajua iko kazi ya muntu?"

Alikuwa na haki. Mjini kwetu hakuna aliyepigwa picha mikono mitupu. Mpiga picha yule alikuwa na baiskeli na redio zake za kuazima. Mtu alishika redio, akapigwa, akatuma picha kwa ndugu zake kijijini Mitwaba, na kule wote wakaamini amenunua redio. Kwetu, mwenye kusimama na kitu ndiye mwenye kitu. Hilo nililijua toka utoto, nami ndiye niliyemwomba yaya asimame.

"Yaya, simama weye. Miye niko mu kilio, nitashikilia kwa nyuma."

"Batanicheka," alisema, lakini alikuwa amekwisha kufunga kitambaa kipya kichwani.

Ya baridi tuliipiga mwezi wa saba, kwenye kichuguu nyuma ya nyumba za mwisho, majani yote yameungua, ardhi nyeusi. Picha za wakati ule hazikuwa na rangi, kwa hiyo majira yalipaswa kuonekana kwa mahali. Kuvrili ile niliishona kwa nguo za kazi za mume wangu. Shemeji zangu walipokuja kuchukua vitu vyake, nguo hizo nilikuwa nimekwisha kuzikata vipande, na hawakuzitambua. Nilisimama nyuma ya kuvrili juu ya kichuguu, pua yangu imegusa nguo za marehemu, nikilia bila sauti, na upande wa pili yaya alikuwa akimwuliza mpiga picha kama mkufu wake unaonekana.

Ya joto tulingoja mpaka jakaranda zimwage maua barabarani. Ya mvua tuliipiga mwezi wa kwanza, mbele ya mahindi ya jirani, miguu yangu imezama kwenye tope. Picha zilipokuwa tayari mtoto wangu alishikwa na surua. Nikampa yaya azipeleke fwaye.

Wiki tatu zilipita kimya. Nikaenda mwenyewe. Mkubwa wa fwaye alinikaribisha kiti, akaniita raia kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi siku zile.

"Citoyenne, pole na kilio. Kazi tulishampa yaya yako. Hakukuambia?"

Nilimwambia yaya hajui kushona pembe, kwamba hata pindo la sketi yake nilimshonea mimi. Akafungua faili, akapanga picha tatu mezani.

"Hapa iko nani?"

"Yaya."

"Na weye uko wapi?"

"Nyuma."

Alinitazama kwa huruma, vile watu wanavyomtazama mjane ambaye msiba umempanda kichwani. Nilizichukua picha nimwonyeshe vidole, na nilipozigeuza nikaona maandishi nyuma. Jina la yaya, kila picha, herufi zimelala upande mmoja, zenye mikia mirefu, za mtu aliyefundishwa na mapadri. Yaya hajui kuandika. Maandishi yale yalikuwa ya baba yangu. Niliziweka chini, nikaaga kwa adabu.

Baba alikuwa uani akichonga mpini wa jembe.

"Baba, njo weye uliandika nyuma ya picha?"

"Njo miye." Alikiri bila kuacha kuchonga. "Weye ungali kijana. Kilio kikiisha, bwana mwingine atakuya. Yaya yako bwana yake alimurudisha na batoto bane. Nani atamuoa tena?"

"Lakini kazi iko ya miye, baba."

"Iko ya nyumba hii."

Nilikuwa na hasira. Lakini nilitaka nibakiwe na mtu mmoja, hivyo nikamwuliza kama yaya alijua, au alishtuka kama mimi. Nilimwombea jibu moja tu, kwamba hakujua.

"Alijua kabla ya picha ya kwanza," baba alisema. "Tulipatana naye. Na biki ya kuandikia, njo yeye aliniletea."

Yaya alirudi saa kumi na moja, amevaa blauzi nyeupe ya monitrisi. Hakuniomba radhi. Alicheza kidogo na mtoto wangu, akamsifu kwamba amepona. Halafu akaketi kando yangu kwenye mkeka, akatoa vipande viwili vya kitenge mfukoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu atafundisha wanawake ishirini kuunganisha pembe, na hajui aanzie wapi. Aliniita mdogo wake kipenzi.

Nilichukua mkasi, nikamwonyesha polepole, mara mbili, mpaka akaweza peke yake. Nilimwonyesha vibaya, kwa makusudi, na dhambi hiyo mpaka leo sijaiungama.