Nafasi ya Mashua Yetu Horini

Enzi zetu, wenzangu mliokulia kwenye maji ya chumvi mnajua, mtoto alikuwa kifaa cha kazi. Leo mtoto wa hapa Joburg ukimtuma chumvi spaza, kiduka cha mtaani, anauliza kwanza kama huko kuna intaneti. Mimi nilitumwa kuwa boriti.

Ilikuwa Tanga, kwenye hori letu la mikoko, maji yametulia kama chai kwenye kisahani. Nje upepo unapeperusha mbuzi, mle ndani mashua haitikisiki. Ukingoni walikaa mafundi wa kutia kalafati, kuziba nyufa za mashua, na mafuta ya papa yalinuka mpaka ukila wali unatafuta mwiba.

Mama alinunua mashua kuukuu. Msimu wa upepo mkali umefika, ikilala nje inavunjika, na ndiyo unga wetu. Mzee Kombo, msimamizi wa hori, akasema, "Mama Athumani, pamejaa. Rudi mwakani."

"Na pale katikati ya mashua zako mbili?"

"Pale hamna boriti yako."

Desturi yetu, boriti yako ya kufungia mashua ikisimama maji yakapwa yakajaa tena, nafasi ni yako, hakuna wa kuing'oa. Na muuza boriti ni huyohuyo Mzee Kombo. Mama akanishusha majini, akanifunga kamba ya mashua kiunoni.

"Boriti hii hapa."

"Huyo si mtoto, Mama Athumani?"

"Anasimama, hasimami?"

Nilisimama. Nawaambia, nilisimama mpaka kaa wakajenga kati ya vidole vyangu wakaozesha na mabinti. Ndege akanitagia kichwani. Maji yakapwa, yakarudi, yakanifika kidevuni. Mzee Kombo akaja na mtumbwi, sauti tamu: "Athumani mwanangu, toka, nikupe kashata."

Kashata nilizipenda kuliko pumzi. Mama akapaza sauti kutoka ukingoni, "Kashata hata mimi napika." Uongo mtupu, hajawahi kupika hata moja. Nikabaki. Maji yalipojaa, Mzee Kombo alileta boriti mwenyewe, akaichimbia, akaondoka.

Sasa nina boti yangu. Nimeiunda uani kwangu, Kensington ya hapa Joburg, na shemeji yangu Mkongo, majirani wakauliza gharika inaanza lini. Mwezi jana tuliivuta na gari mpaka bwawani, nje ya mji. Kijana wa getini akasema, "Eish, baba, pamejaa. Jiandikishe kwenye simu, usubiri."

"Sharp," yaani sawa, akasema binti yangu aliyekuwa akiendesha, akageuza gari. Hata kuchungulia ndani hakuchungulia. Njia nzima ananiambia, "Baba, iuze tu."

Kule Tanga Mama amezeeka, mashua ilishaoza, lakini nafasi yake hajampa mtu. Wakimwomba anasema mwanawe atakuja na boti. Kule nina nafasi haina boti, huku nina boti haina nafasi.

Siuzi. Jumapili narudi bwawani, na gari naendesha mwenyewe.