Timu Isiyogusa Mpira

Nimeishi katika miji mingi, na Brussels ndio mji pekee niliotaka kubaki. Kabla yake nilitoka Uvira, nikakaa Kigoma, Lusaka, kisha Athene, na kila mahali nilikuwa ninaulizia njia ya kuondoka kabla sijajua majina ya mitaa. Brussels nilichoka kuuliza. Nilikuwa na chumba Laeken, nilikuwa na duka ambako walinijua kwa sura, na nilikuwa nimefikia umri ambao mtu anaona aibu kubeba sanduku.

Kilichokosekana ni kazi ya kudumu. Nilisafisha sakafu katika nyumba ya wazee kule Auderghem, kwa mikataba ya miezi sita sita, na kadi yangu ya ukaazi ilikuwa fupi kama mkataba wangu. Ningepata mkataba usio na mwisho, ningepata kadi ya miaka, nami ningekaa. Sikuwa na ombi lingine kwa Mungu wala kwa serikali.

Mwenzangu wa kazi alikuwa mtu wa Bujumbura, Mwislamu, aliyenizidi miaka kumi hivi. Nilimwita grand, yaani kaka mkubwa, naye aliniita mudogo yangu. Uvira na Bujumbura zinatazamana juu ya maji ya ziwa moja, kwa hiyo tulipokutana hatukuhitaji kuelezana mengi. Mkewe na watoto alikuwa nao hapohapo mjini. Kazi ya kudumu aliihitaji kama mimi. Hilo nilikuwa ninalijua.

Pale kazini, ghorofa ya pili, aliishi mzee wa Kibelgiji aliyefanya kazi Amerika kwa miaka mingi. Nyonga yake ilikuwa imevunjika, na furaha iliyombakia ni mpira wa Kimarekani, ule wa timu za kulipwa. Mwanawe alimrekodia mechi na kumletea kanda kila Jumamosi. Saa nane mchana, wazee wengine wakiwa wamelala, sisi wawili tulitumia nusu saa yetu ya mapumziko chumbani kwake. Mechi moja ilituchukua juma zima. Alitufundisha yote: yadi kumi kwa majaribio manne, kundi la kushambulia, kundi la kulinda, mpira unaopigwa upite kati ya milingoti kwa pointi tatu.

Halafu ikaja mechi iliyokwisha sare.

Mzee akatueleza sheria yao ya muda wa nyongeza. Wanarusha sarafu. Anayeshinda huchagua, na karibu wote huchagua kuanza na mpira. Atakayepata pointi ya kwanza, hata kwa teke moja tu, ameshinda, na mechi imekwisha palepale. Tukaangalia. Walioshinda sarafu walisogea yadi chache chache, wakapiga teke, mpira ukapita kati ya milingoti, wakaanza kukumbatiana. Washambuliaji wa timu ya pili hawakuinuka hata kwenye benchi.

"Hii ni wizi," grand alisema. "Muntu amecheza saa tatu, alafu wanamurudisha nyumbani juu ya sarafu? Hata mpira hakugusa!"

"Si sarafu, grand. Walinzi wao walikuwa wapi? Watu kumi na mmoja walisimama pale. Wangezuia."

"Wazuie na nini? Miguu imechoka!"

"Na ya wale wengine haikuchoka?"

"Bon. Kwetu bashingantahe, wale wazee wenye kukata mambo ya watu, wakisikia muntu wa kwanza, lazima wasikie na wa pili. Hata kama ni mwizi wa kuku. Donc hawa Waamerika wanashindwa na wazee wa kwetu?"

"Wewe ungekuwa refa, mechi ingeisha Noeli."

"Na weye ungekuwa hakimu, ungefunga muntu mbele hajafungua kinywa!"

Mzee alitaka kujua tunagombania nini. Tulipomtafsiria kwa Kifaransa alicheka mpaka akashika nyonga. Hakuchukua upande. "Ndiyo kanuni, messieurs," alisema, akairudisha kanda nyuma ili tuone teke lile tena.

Tulibishana majira yote ya baridi. Grand alitaka kila timu ipewe mpira angalau mara moja, ndipo wahesabu. Mimi niliitetea kanuni ile kana kwamba niliitunga. Nilikuwa nimevuka mipaka ambako hakuna aliyenipa zamu yangu, na nilichukia kumsikia mtu mzima akidai zamu. Nilimwambia mara nyingi, mbele ya mzee, kwamba nahodha anayeshinda sarafu na kumwachia mwenzake mpira ni mjinga, na mjinga asilie.

Mwezi wa pili, madame mkurugenzi alituita. Kulikuwa na nafasi moja ya kudumu. Angetusikiliza wote wawili, Alhamisi saa nne asubuhi, mmoja baada ya mwingine. Nani atangulie, tupange wenyewe.

"Tufanye kama wale watu yako," grand alisema tulipofika jikoni, akatoa sarafu ya faranga ishirini. Nilichagua upande wa kichwa cha mfalme. Kichwa kikatokea. "Umepata mpira," alisema, na tukacheka.

Alhamisi alikuja na koti lake la Idi. Tulisimama kizani mwa ukumbi, nje ya ofisi ya madame, mimi na sare yangu, ndoo nimeiacha kwenye ngazi. Madame akafungua mlango, akauliza nani wa kwanza. Grand akarudi nyuma hatua moja kunipisha.

Nikashindwa kupita. Nyumbani kwetu sikuwahi kutia mkono katika sahani kabla ya kaka yangu, na aliyejaribu alipigwa kofi la mkono uleule. Kumpita mtu mzima mlangoni, amevaa koti lake, mimi mdogo wake? Miguu ilikataa.

"Tangulia, grand."

"Lakini weye ndiye ulishinda."

"Tangulia tu."

Nilikaa kwenye kiti. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya Kifaransa kuhusu miaka yangu miwili pale, kuhusu wazee walioniita usiku wakiogopa kufa. Niliyarudia kimoyomoyo. Ndani walizungumza muda mrefu, kisha nikasikia wakicheka. Mlango ulipofunguka, madame alikuwa amemshika grand bega. Aliponiona alisita, kama mtu aliyekuta mzigo usio wake sebuleni.

"Ah, monsieur. Hakuna haja tena. Nimeshapata mtu. Asante kwa kuja."

Kwa kuja. Nilikuwa nimetoka ghorofa ya juu yake.

Nilimtazama grand. Mtu wa bashingantahe, mtu wa kila timu iguse mpira, alitazama viatu vyake.

Siku nne sikukanyaga chumba cha mzee. Jumatatu grand alinikuta katika stoo ya mashuka.

"Mudogo yangu, twende kwa madame. Sisi wote. Karatasi sijatia sahihi, nitatia kesho. Nitamwambia alisema atasikia watu wawili, basi akusikie na weye."

"Alhamisi ulikuwa umesimama palepale."

"Niliogopa. Muntu anaogopa, eh? Twende sasa."

"Hapana. Wa kwanza kupata pointi ameshinda. Mimi ndiye nilisema hivyo."

"Ule ni muchezo, wee!" alipaza sauti. "Tulikuwa tunaongea muchezo!"

Niliendelea kukunja shuka. Alisubiri nikunje lile, na jingine, na jingine. Kisha akatoka.

Ningependa kuandika kwamba nilikataa kwa ajili ya watoto wake. Sivyo. Kama ningekwenda naye, ningekuwa nimekubali kwamba majira yote ya baridi yeye ndiye aliyekuwa na haki, tena angebaki mtu mwema mbele yangu. Sikutaka awe vyote viwili. Nilitaka aitie sahihi karatasi ile akijua kwamba mimi sikugusa mpira. Labda madame asingebadili neno. Labda angenisikiliza, akanichagua. Sitajua, na wa kulaumiwa kwa kutojua si yeye wala madame peke yao. Sheria ile ilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, na mtu yeyote aliyeitazama kanda ile alikuwa na macho ya kuliona hilo. Niliipenda kwa sababu ilikuwa ikiwaumiza wengine.

Aliitia sahihi. Nilibakiwa na wiki sita za mkataba, na nilizifanya vizuri kuliko zote. Nilisugua korido mpaka taa za dari zikaonekana sakafuni, nikitumaini madame atauliza ni kazi ya nani. Alipita, akasema bonjour, akapita.

Siku ya mwisho nilikabidhi funguo mapokezi. Grand alikuwa zamu. Aliweka mopu ukutani, akavua glavu, akasema atanisindikiza mpaka metro. Nilimwambia arudi ndani, korido ya ghorofa ya pili ilikuwa bado na maji na wazee wangeteleza.