Gari Lililotetemeka Likianza Kwenda

Sijapata kulichukia gari kama nilivyolichukia lile. Lilikuwa gari la zamani, turubali juu na mbao chini ya miguu, lililoletwa Unguja nami bado nakwenda chuo cha Kurani na ubao wangu wa kuandikia. Petroli ilipoadimika wakati wa vita lilisukumwa bandani, kwenye nyumba ya shamba Mwanakwerekwe, na halikutoka tena. Mwenyewe alifariki mjini, na mjane wake, niliyemwita Bi Mkubwa kama walivyomwita wote, akaniita mimi fundi nilifufue. Kufufua ni neno lake. Mimi nilisema kutengeneza.

Siku ya kwanza, kabla sijafungua boneti, alinieleza sababu. Mumewe alikuwa mtu wa Bwejuu na aliusia azikwe kwao, pembeni mwa mama yake. Akafa siku ya masika, njia ya kusini imekatika kwa maji. Maiti hacheleweshwi, akazikwa mjini kabla ya alasiri.

"Nimemvunjia wasia, mwanangu. Sasa nnataka gari lake limpeleke."

"Limpeleke nani, Bi Mkubwa?"

Alinimiminia chai akanisogezea sahani ya vileja.

Basi nikafanya kazi. Panya walikuwa wamezaa ndani ya viti na kutu ilikuwa imekula nusu ya boneti, lakini injini ilikuwa nzima, na ilipowaka hata kuku wa jirani walinyamaza. Nikapanda, mwenzangu tuliyekuwa tukishirikiana kazi akakaa kushoto. Nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza, nikaachia taratibu.

Gari zima likatetemeka. Injini mbovu naijua inavyotetemeka. Hili lilitetemeka kama mtu mwenye homa ya baridi, milango ikigongana, kioo kikilia. Kisha ikaja harufu ya mafuta ya udi, mazito, ya mtu aliyetoka kuoga akavaa kanzu ya Ijumaa. Gari liliposhika mwendo mtetemo ukakoma, na harufu ikapotea.

Mwenzangu alishuka gari halijasimama. "Hili lina mwenyewe," alisema. Kesho yake akaniletea salamu kuwa mgongo unamuuma, na mgongo wenyewe, kwa bahati njema, ulipona siku gari lilipoondoka.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama mlangoni pa banda. Alikuwa ameisikia harufu, na machozi yakimtoka. "Ni yeye. Alikuwa akikaa hapo kushoto tangu macho yalipompungua. Hakai raha mjini. Anataka kwao."

Mimi si mtu wa mashetani. Kila kitu kwangu kina skrubu yake. Niliwasha injini gari limesimama, likatulia tuli, basi si injini. Nikalisukuma likajiendea lenyewe kwenye mteremko wa shamba bila gia, likateleza vizuri, basi si magurudumu. Kwenye mwendo mkubwa halikuwa na neno. Lilitetemeka pale tu nilipokuwa nikiinua mguu kwenye klachi, na kila mara udi ulinipanda puani, na kila mara nilijikuta nikitazama kiti cha kushoto. Kilikuwa kimebonyea. Viti vya zamani hubonyea, nikajiambia, lakini nilijiambia kwa sauti.

Ijumaa moja asubuhi nilifungua banda nikakuta mbao za mbele ya kiti cha kushoto zina unyevu. Madoa mawili, marefu, yaliyokaa sambamba. Nyayo. Nilisimama pale, spana mkononi, na nywele zikanisimama. Kisha hasira ikanipanda, maana naogopa kuchekwa kuliko ninavyoogopa majini, nikazing'oa mbao zile kwa nguvu. Upenyo wa katikati ulikuwa unameta. Mafuta yalikuwa yakichuruzika hadi kwenye klachi. Nilipoifungua, kitambaa chake kigumu cha kushikia kilikuwa kimelowa na kunukia kama bwana harusi.

Nikaenda kumuuliza Bi Mkubwa, naye hakuficha.

"Ni mie. Kila Alhamisi baada ya magharibi. Alikuwa hapati usingizi mpaka nimpake miguu. Kaburini sendi kumpaka mbele za watu, basi nampakia pale alipokuwa akiiweka."

Nikamweleza kwamba mafuta yanaangukia klachi, klachi inashika na kuachia, inashika na kuachia, huko ndiko kutetemeka, na joto lake ndilo linalopandisha harufu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si yeye?"

Nina ulimi mkali, lakini siku ile niliulainisha. "Ni mafuta, Bi Mkubwa."

"Ukilitengeneza, sitomsikia tena?"

"Hutomsikia."

"Na usipolitengeneza?"

"Litatuacha Jozani, msituni."

Alizikunja pindo za kanga yake kidoleni, akazikunjua. "Basi tengeneza. Wasia ni wasia."

Niliweka kitambaa kipya, nikaziba upenyo, naye akaacha kupaka. Tukatoka asubuhi, yeye kiti cha nyuma na buibui lake, kushoto kwangu hapana mtu. Gari lilikwenda laini kwenye mawe yote yale ya njiani, hata nikaona fahari. Fahari ikaniishia tulipopita Jozani, pale Bi Mkubwa aliposema polepole, "Hanukii." Nilisikia huzuni, na kwa mara ya kwanza maishani nikatamani gari nililolitengeneza liharibike.

Makaburi ya Bwejuu yako pembeni mwa kijiji, mawe ya matumbawe kwenye mchanga. Nilisimamisha gari, nikazima injini.

"Mfungulie mlango," alisema.

Nilishuka, nikazunguka, nikaufungua mlango wa kushoto, nikaushika vile mtu anavyomshikia mzee. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na upepo. Springi ikalia. Mto wa kiti, uliokuwa umebonyea tangu siku ya kwanza nilipouona, ukajiinua kidogo kidogo mpaka ukawa sawa na mwenzake, na gari likainuka upande ule. Nilimtazama Bi Mkubwa. Hakuwa amejitikisa. Mikono yake ilikuwa mapajani, na mgongo wa kiti ulimzuia asione.

"Keshashuka?" aliniuliza.

Joto hutanua springi, na chuma cha zamani kina mambo yake. Nilikuwa nayo maneno hayo yote, na yote ya kweli.

"Keshashuka, Bi Mkubwa."

"Alhamdulillahi. Funga, twende zetu."

Nikaufunga mlango taratibu, nisije nikambana mtu.